Simba akinyata ni mwindaji, paka akinyata ni mwizi

Najua kuna walioanza kuulizana kama nimedisko, kama nimeolewa kimyakimya, au kama simu yangu imekwapuliwa tena pale Kariakoo. Hapana jamani, nipo. Nilikuwa tipii, yaani mazoezi ya kufundisha. Wiki nane za kuvaa sketi ndefu, kuandika andalio la somo usiku wa manane na kuitwa "madam" na watoto wanaonizidi urefu. Bumu lilikata mapema, sauti ikakauka, lakini nimerudi mzima hapa Chang'ombe, na nina jambo limenikaa kooni. Nisipolitoa hapa sitasoma vizuri.

Leo nataka tuongelee paka.

Msicheke kwanza. Mimi nasoma ualimu wa sayansi, masomo yangu ni baiolojia na kemia, kwa hiyo paka ni kazi. Ila sitaki kuongelea paka mwenyewe tu, nataka tuongelee ule upaka. Ni nini hasa kinatufanya tukione kitu, au mtu, tuseme "huyu kama paka"? Nimelifikiria swali hili wiki kadhaa sasa, na sababu yake ni kijana mmoja wa Kidato cha Pili.

Nilipangiwa shule moja si mbali na Kariakoo, jina lake naliacha. Siku ya kwanza ofisini, nikiwa bado natafuta kiti cha kukalia, mwalimu mmoja akanisogezea orodha ya majina na kuniweka kidole kwenye jina la kijana huyo. Akaniambia, "Huyu muangalie. Paka huyu." Nikauliza paka kivipi? Wakacheka, kila mtu akawa na lake. Huyu anasema kijana anaingia darasani humsikii, unageuka tu unamkuta amekaa. Yule anasema ukimwita haji mpaka atake mwenyewe. Mwingine anasema analala vipindi vitatu kati ya sita halafu mtihani anapata wastani, hujui amesoma saa ngapi. Hana rafiki, hasemi sana, anakuangalia tu. Na mmoja akamalizia kwa lile tunalolijua wote: "Paka hata umlishe vipi, hana shukrani."

Nami nikalibeba hilo jina mpaka darasani. Sikumuona mtoto, nilimuona paka.

Haya, tuje kwenye kipindi chenyewe. Mada ilikuwa uainishaji wa viumbe. Nikaona nichangamshe darasa, nikagawa ubao mara mbili. Upande mmoja nikaandika "Tunachokiona", upande wa pili "Kilichomo". Nikawauliza, kitu gani kinamfanya paka awe paka? Wakafunguka hao! Anatembea kimya. Anaringa. Akitupwa kutoka juu anatua kwa miguu. Ana roho saba. Macho yanawaka gizani. Anajilamba. Anakuja kwako akitaka, akishiba anakupita kama hakujui. Dada mmoja wa mbele akasema, "Madam, paka anakaa nyumbani kwenu lakini si wa kwenu." Nilimpigia makofi, maana hata kitabuni sijaona mtu aliyesema vizuri hivyo.

Halafu tukajaza upande wa pili. Macho yanawaka kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, kama kioo, ili jicho liutumie mara mbili. Kimya kinatokana na vitanga laini chini ya mguu, kucha zinazorudi ndani ya ala zake, na ule mtindo wa mguu wa nyuma kukanyaga karibu palepale ulipokanyaga wa mbele. Kutua kwa miguu si uchawi wala roho saba. Uti wa mgongo unapindika sana, sikio la ndani linamwambia chini ni wapi, anajigeuza hewani kichwa kwanza, kiwiliwili kinafuata. Wahenga waliliona hilo zamani waliposema paka hakubali kulala chali. Meno ni 30, yale ya nyuma yanakata nyama kama mkasi, si ya kusaga. Na utamu wa sukari paka hausikii kabisa, jini inayohusika na ladha hiyo kwake imeharibika. Wanasayansi walilionyesha hilo mwaka 2005. Darasa likasikitika. "Yaani hata juisi ya miwa hasikii utamu? Maskini paka!"

Kisha nikawauliza lile la mtego. Fisi yuko karibu na nani, mbwa au paka? Darasa zima, mbwa! Ana pua ya mbwa, anakimbia kama mbwa, anakula mizoga. Nikawaambia hapana. Ukifuata ukoo wake, fisi yuko upande wa paka. Ndugu zake wa karibu kabisa ni kina nguchiro, na wote hao wamo kwenye tawi kubwa moja na paka, mbali na mbwa. Ngawa naye, ambaye watu wa pwani humwita paka wa zabadi kwa ajili ya yale mafuta yake ya manukato, si paka wa kweli, ni jirani tu wa ukoo. Kwa hiyo mmoja anafanana na mbwa na si mbwa, mwingine anaitwa paka na si paka. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, najisikia kweli: "Msimuainishe kiumbe kwa kumtazama mwendo!"

Hapo ndipo mmoja akanyoosha mkono. "Madam, na yule pale nyuma yumo kundi gani?"

Wote wakageuka. Kijana alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Darasa likaangua kicheko.

Na mimi nikacheka.

Dakika moja tu baada ya kusema msimuainishe kiumbe kwa mwendo. Jamani, hilo linaniuma mpaka leo.

Haikuishia hapo. Wiki kama mbili baadaye chaja yangu ya simu ikapotea ofisini. Nikatafuta mezani, chini ya meza, hakuna. Mdomo ukafanya kazi kabla ya kichwa. Nikasema, "Paka hajapita hapa kweli?" Nilisema kama utani. Lakini ofisini kwa walimu utani unaweza kugeuka kesi kwa dakika tano. Kijana akaitwa, begi likamwagwa mezani mbele ya watu. Madaftari mawili, kalamu, fulana chafu imekunjwa, mfuko wa plastiki wenye maganda ya karanga. Chaja hakuna. Akaambiwa arudishe vitu vyake. Akavirudisha polepole, hakusema kitu, hakulia. Na tazama wanavyosema watu: "Unaona? Hata halii. Paka kweli."

Usiku hosteli nikafungua mkoba wangu mwingine, ule wa Jumapili. Chaja hiyo hapo.

Sikulala. Asubuhi nikajipanga kumtafuta, hakuja. Siku ya pili, hakuja. Ijumaa hiyo nilisahihisha madaftari 70 na kila nikifika la mwisho naona halipo la kwake.

Jumamosi nikaamka mapema kwenda Kariakoo kununua manila na kalamu za rangi za zana za kufundishia. Mnaojua Kariakoo ya alfajiri mnajua. Kabla maduka ya nguo hayajafunguliwa kuna Kariakoo nyingine kabisa, ya malori kutoka mikoani, magunia, matenga ya nyanya, mikokoteni na watu wanaopiga kelele "pisha, pisha, mzigo!" Na kuna paka. Wengi! Wako chini ya meza za dagaa, juu ya magunia, kwenye kona za bucha. Wengine masikio yamechanika kwa vita, mapaka shume yanayokuangalia kama wewe ndiye uliyevamia mtaa wao.

Nikasimama kwa mzee mmoja wa dagaa, maana paka wake mmoja wa rangi ya tangawizi alikuwa amelala katikati ya meza kama bosi. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba binti. Nikamuuliza, huyu ni wa kwako? Akacheka. "Paka hafugwi, mwanangu. Paka anapanga. Kodi yake ni panya."

Nikamwambia nasoma ualimu, na hiyo kauli ni baiolojia kamili. Maana ndivyo ilivyokuwa. Paka wote wa nyumbani duniani, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha wametokana na paka pori, wale ambao jamaa zao mpaka leo wako Afrika na Mashariki ya Kati, hata hapa kwetu Tanzania porini wapo. Binadamu alipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya wakaja. Panya walipokuja, paka akawafuata. Huko Kupro lilipatikana kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake, lina miaka kama 9,500. Hakuna aliyemkamata paka porini akamfunga kamba kama ng'ombe. Aliona kazi, akahamia. Kwa hiyo anapokupita bila kukusalimia si kwamba hana adabu. Hakuwahi kukubali kuwa mtumwa wako tangu mwanzo, na kodi yake analipa.

Mzee akatikisa kichwa, akaniambia na sahaba mmoja wa Mtume aliitwa Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa jinsi alivyompenda paka wake. "Jina la paka si tusi," akasema. "Inategemea nani anakuita na kwa nini." Naapa hakujua yaliyonikuta.

Nilipogeuka ndipo nikamuona. Kijana wangu. Begani ana gunia, shingo imelala upande, anapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, bila kupiga kelele ya "pisha". Mguuni amevaa raba zilezile za shule, na alipoinua mguu kupanda ngazi ya duka nikaona soli imeisha, imebaki kama kitambaa. Ndiyo maana hasikiki darasani! Viatu vyake havina kitu cha kulia sakafuni.

Nikamsubiri ashushe mzigo. Akaniona, akashtuka, akataka kupotea (kama paka, nilijisemea, halafu nikajionea aibu). Nikamwita kwa jina lake. Nikamwambia chaja niliipata kwenye mkoba wangu mwenyewe, makosa ni yangu, naomba anisamehe. Akaangalia chini. "Haina shida, madam." Nikamuuliza anaanza kazi saa ngapi. Akasema malori yakiwahi, saa tisa usiku, halafu saa moja anakwenda shule. Nyumbani yuko na bibi yake na wadogo wawili. Alisema hivyo tu, hakuongeza hadithi, na mimi sikumchimba.

Nikadhani tumemaliza. Akageuka, halafu akarudi hatua moja. "Madam, ile ya fisi ni kweli? Kwamba si wa upande wa mbwa?"

Nikasema ni kweli.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kwa hiyo miaka yote anasingiziwa." Akachukua gunia jingine akaondoka.

Kumbe siku ile, kichwa kikiwa juu ya dawati, alikuwa anasikiliza. Kwa hiyo na kicheko changu alikisikia.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nilitoka pale nikakata mitaa mpaka Barabara ya Msimbazi kutafuta usafiri, na kama mnavyojua, ndipo yalipo makao makuu ya Simba. Mimi kwetu nyumbani ni Simba damu, toka kwa babu aliyeijua klabu ikiitwa Sunderland kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Nikasimama natazama ile nembo ya mnyama. Mnyama! Jina la heshima mjini hapa. Watu wanavaa simba kifuani. Nikajiuliza, hivi simba ni nani?

Simba ni paka. Ni ukoo uleule wenye aina takriban 40, kuanzia yule wa mezani kwa mzee wa dagaa mpaka chui na duma. Hesabu meno ya simba, ni 30, sawasawa na ya paka. Kucha zinarudi ndani ya ala, sawasawa. Ulimi wenye miba ya kukwangua nyama, sawasawa. Anawinda kwa kunyata na kuvizia, sawasawa. Tofauti zipo. Paka mboni zake husimama wima kwenye mwanga, za simba ni za duara, na simba hunguruma wakati paka hukoroma kwa raha akibembelezwa. Lakini hata hapo mpaka hauko wazi kama tunavyodhani, maana duma, pamoja na mbio zake zote, hangurumi. Analia kama paka, anakoroma kama paka, na kiukoo yuko karibu na paka wa nyumbani kuliko alivyo karibu na simba. Na kulala je? Simba anaweza kulala mpaka saa 20 kwa siku! Kwa kulala simba anampita hata paka, lakini nani amewahi kusema simba ni mvivu? Tunasema amepumzika.

Mmeona inavyokwenda? Simba akinyata ni mwindaji, paka akinyata ni mwizi. Simba asipoitika ni mfalme, paka asipoitika ana kiburi. Simba hasemi sana, ana busara. Paka hasemi sana, ana siri. Tabia ni zilezile, kilichobadilika ni ukubwa wa mnyama tu. Tunachokisifu kwa mkubwa ndicho tunachokilaani kwa mdogo.

Na msidhani ninaongelea wanyama. Darasa lilelile lilikuwa na kijana mwingine, mtoto wa mfanyabiashara mwenye maduka palepale Kariakoo. Naye anachelewa. Naye analala, tena kwa sababu ya kuangalia mpira wa Ulaya usiku. Naye hajibu maswali mpaka atake. Mnajua ofisini anaitwaje? "Mtulivu." Mwalimu mmoja alisema, "Yule ana mambo yake, mwache." Wenzake wanamwita Mnyama. Nilikaa wiki sita nikisikia majina hayo mawili na sikushtuka hata siku moja kwamba vijana hao wawili wanafanya vitu vilevile. Mmoja ana viatu vyenye soli, basi.

Najua kuna watakaosema dada umezidisha, ule ni utani tu, Watanzania bila utani hatuishi. Nakubali, tena mimi mwenyewe ni mtu wa utani. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipotufunga 5-1, watani walinitafuta kila kona, na wapo walioniuliza kama klabu yangu ni ya simba au ya paka. Niliumia, lakini sikulia, kwa sababu na mimi nina ya kwangu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka nyumbani kulivyokuwa tarehe 6 Mei 2012, sisi 5, wao 0. Huo ndio utani. Leo unanicheka, kesho nakucheka. Kuna mechi ya marudiano.

Mwanafunzi anayeitwa paka na mwalimu wake ana marudiano gani? Atamjibu lini? Akinyamaza, paka. Akijibu, jeuri. Akilia, anajifanya. Akikataa kulia, "unaona, paka kweli". Utani usio na marudiano si utani, ni hukumu. Na hukumu ya namna hiyo inafanya kazi hata kama aliyeitoa ameshaisahau. Mimi sikumtuhumu yule kijana kwa ushahidi wowote. Nilimtuhumu kwa jina alilopewa na watu wengine kabla sijafika. Kama angekuwa anaitwa kwa jina lake, chaja ilipopotea ningetafuta kwanza kwenye mkoba wangu. Nina hakika.

Wengine watasema mwalimu ana wanafunzi 70 au zaidi darasani, atamjua kila mmoja saa ngapi? Ni kweli, na mimi nimeyaonja. Jina la utani ni njia ya mkato. Ila njia ya mkato ndiyo hiyohiyo iliyotufanya tuseme fisi ni mbwa. Hutakiwi kumjua kila mtoto mpaka ndani ya kikombe chake cha chai. Unatakiwa tu ukiri kwamba ulichokiona ni upande mmoja wa ubao. Mtoto anayelala, andika analala. Usiandike mvivu. Anayeingia kimya, andika anaingia kimya, halafu siku moja inama utazame viatu vyake. Hiyo haihitaji bajeti wala semina elekezi.

Na ukikosea mbele ya watu, rekebisha mbele ya watu. Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote. Kumwomba msamaha alfajiri Kariakoo ambako hakuna anayetujua kulikuwa rahisi. Jumatatu nikasimama ofisini, magoti yanacheza, nikawaambia walimu walionizidi umri kwamba chaja ilikuwa kwangu na kijana alionewa. Kukawa kimya. Mmoja akasema, "Haya bwana," akaendelea na chai yake. Nikaenda darasani nikasema hivyohivyo, nikaongeza kwamba siku ile ya fisi nilicheka na sikupaswa kucheka. Watoto wakatazamana. Sidhani kama wamezoea kumsikia mwalimu akisema amekosea.

Mnataka kujua yeye alifanyaje? Jumatatu hakuwepo. Alikuja Jumanne, amechelewa, sikumsikia akiingia, nilipogeuka kutoka ubaoni nikamkuta amekaa. Wenzake walishampa habari, maana alinitazama kidogo, halafu akalaza kichwa akalala. Hakuna muujiza uliotokea, wapendwa. Nikamwacha dakika kumi, nikapita na kumgusa bega, nikamwita kwa jina. Akaamka akaandika. Mpaka naondoka shuleni pale, wachache bado walikuwa wanamwita Paka. Ila yule dada wa mbele, aliyesema paka anakaa nyumbani kwenu lakini si wa kwenu, nilimsikia siku moja akimkatisha mwenzake: "Muite jina lake bwana, kwani wewe ni fisi?" Sijui fisi aliingiaje hapo lakini nilifurahi, hahaha!

Kuna kitu ninakiogopa. Mwaka kesho au unaofuata wengi wetu hapa tutakuwa na ajira, Mungu akipenda, tutasukumwa Kigoma, Lindi, Simiyu, huko. Tutaingia ofisini siku ya kwanza tunatafuta kiti, na mtu mwema kabisa atatusogezea orodha na kutuwekea kidole kwenye jina. Atasema huyu paka, huyu nyoka, huyu kinyonga. Na sisi tutakuwa wageni, tunataka kukubalika, tutacheka. Mimi nilicheka. Naandika haya ili siku hiyo angalau mmoja wenu asicheke.

Nimemaliza, ngoja niwahi kantini kabla wali haujaisha. Jumamosi nikienda Kariakoo nitampelekea yule mpangaji wa mzee wa dagaa salamu zenu.

Wadau mnasemaje? Nyie mlikuwa mnaitwaje shuleni, na nani aliwapa hilo jina?

Tuko pamoja.